Baba wa Jumamosi, omba jembe

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe mrefu, saa nane za usiku. Sitauweka wote, ila kiini chake ni hiki. Ameachana na mkewe, watoto wake wawili wako Shinyanga kwa mama yao, anatuma matumizi kila mwezi bila kukosa, na bado akipiga simu watoto wanamjibu neno moja moja kisha wanamrudishia mama simu. "Kaka, nifanye nini tena?" Halafu mwishoni kabisa akaongeza swali la pili: anataka kuoa, je, amtambulishe vipi huyo mama mpya kwa watoto?

Nilimjibu kwa kifupi siku ileile. Leo namjibu kwa kirefu, maana akina baba wa aina yake ni wengi na wengi wetu tunaona aibu kuuliza.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, naishi Tabata. Ndoa yangu ilikwisha kwa utaratibu wote: tulikaa mbele ya Baraza la Usuluhishi la kata, wakashindwa kutupatanisha, wakatuandikia barua, tukaenda mahakamani. Yaliyotokea katikati nayaruka. Waliopita njia hiyo wanayajua, na ambao hamjapita Mungu awaepushe. Mama yao alirudi kwao Morogoro na watoto wote, binti yangu ambaye ndiye kifungua mimba, wakati huo akiwa darasa la tatu, na mdogo wake wa kiume ambaye hata meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka.

Nilituma hela. Hili nalisema kwa kifua mbele, kwa sababu lilisemwa vingine. Kila muamala niliuhifadhi kwenye simu, na nilipobadilisha simu nilipiga picha za skrini zote nikazihamisha, ili siku mtu akisema sihudumii nimwoneshe. Na walisema. Kuna mtu wa ukoo ule, simtaji, aliwaambia watoto wakiwa wanakula kwamba baba yenu amewatelekeza. Miamala yangu ninayo mpaka leo na haijanisaidia chochote, kwa sababu mtoto hasomi miamala. Hela inaingia kwenye simu ya mama, mama anakwenda dukani, mtoto anamwona mama akinunua daftari. Wewe uliyetoa hela humo kwenye picha haumo. Ndugu yangu wa Mwanza, hapo ndipo jibu lako linapoanzia, na halina maana kwamba uache kutuma. Tuma. Ila usitegemee kwamba zile hela zitakusemea.

Basi nikaanza kwenda. Enzi hizo ni basi, foleni ya Kibaha, foleni ya Mlandizi, unafika Morogoro jua limeshakuwa kali na shati limelowa. Nilikuwa nafika na kuku wa kukaanga, soda za chupa kubwa, viatu vipya. Watoto wanaogeshwa, wanavalishwa nguo za kutokea, wanakuja sebuleni kuniamkia. "Shikamoo baba." "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo." Shule? Nzuri. Mnasoma? Ndiyo. Tunakula kuku, tunaangalia katuni, saa kumi naaga. Nilidhani ndiyo kulea.

Siku moja nimekaa pale barazani, akapita mtoto wa jirani akamuuliza mwanangu, "Huyo nani?" Mwanangu, bila hata kuacha kuchezea gari lake, akajibu: "Mgeni wetu wa Dar."

Sikumlaumu. Alisema alichokiona. Nguo nzuri huvaliwa mgeni anapokuja, kuku huliwa mgeni anapokuja, na mgeni ana saa yake ya kuondoka. Nilipanda basi jioni ile, na mpaka tunapita Chalinze sikuwa nimeongea hata na konda. Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni pa watoto wangu muda wote huo hakuna aliyenipa jembe, na mimi sijaliomba.

Hapo nikaamua kuliomba, na sikujua nianzie wapi mpaka friji la mama yao lilipoharibika.

Alinipigia binti, si mama. "Baba, friji linawaka lakini halipoozi, mama anasema tutaita fundi." Nikamwambia fundi anakuja Jumamosi. Nilibeba mkoba wa vifaa badala ya kuku. Friji lilikuwa la mlango mmoja, tukalivuta kutoka ukutani, nikafungua kifuniko cha nyuma. Binti akashika simu animulikie, mkono wa pili ameshika skrubu zisipotee. Kompresa, yaani injini ya friji, ilikuwa inajaribu kuwaka inashindwa, inalia "tak" inanyamaza. Nikamwonesha rilei ilivyoungua, kidude cha kuiwashia kompresa, cha bei ndogo tu, na wala hakukuwa na haja ya kujaza gesi. Mafundi wangapi wangemwambia mama yake gesi imekwisha wakala hela yake? Hilo ni somo la siku nyingine.

Tukiwa huko nyuma ya friji, mimi sioni uso wake wala yeye haoni wangu, akasema:

"Baba."

"Naam."

"Kwani wewe na mama mligombania nini?"

"Ni mambo ya watu wazima, mama. Hayakuwa kwa ajili yako wala ya mdogo wako."

Akanyamaza kidogo. "Bibi anasema ulituacha."

(Basi, nimeshamtaja.) Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu bibi yake. Bahati nzuri nilikuwa nimebana bisibisi kwa meno, na namshukuru Mungu kwa bisibisi ile, maana mpaka niitoe hasira ilikuwa imeshashuka. Nikamwambia: "Walioachana ni mimi na mama yako. Wewe sijakuacha. Nipe ile skrubu fupi."

Akanipa. Halafu maswali yakafunguka. Nalala wapi? Nyumba ina vyumba vingapi? Nani ananipikia? Nilipomwambia najipikia mwenyewe alicheka mpaka mwanga ukawa unayumba ukutani. Kumbe muda wote huo mtoto alikuwa na wasiwasi kama baba yake anakula. Ningekaa sebuleni na soda zangu miaka kumi nisingeulizwa swali hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na ukitaka uufanye ndiyo pekee: tafuta kazi ya kufanya na mtoto, kazi ya kweli yenye uchafu, na uifanye ukiwa naye pembeni. Watoto hawaongei wakikaliwa uso kwa uso na kuhojiwa. Wanaongea mikono ikiwa na shughuli. Baada ya friji nilifua nao sare za shule Jumamosi, nikampeleka mdogo kwa kinyozi na kukaa foleni naye, nikasahihisha hesabu, nikapiga pasi. Kuku nikaacha kununua. Mwanzoni mdogo alinuna kwa ajili ya kuku, nisikudanganye.

Nilikwenda pia kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu wa darasa aliniangalia, akaangalia daftari lake, akaniuliza mimi ni nani kwa mtoto. Iliuma. Lakini siku hiyo namba yangu iliandikwa chini ya namba ya mama, na tangu hapo shule ikiwa na jambo napigiwa na mimi. Baba, hakikisha namba yako ipo shuleni. Ni kazi ya dakika mbili.

Treni ya umeme nayo imetubeba. Ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Safari iliyokuwa inanila siku nzima ikawa chini ya saa mbili. Nikaweza kwenda asubuhi, nikafua, nikarudi usiku. Najua wa Mwanza na Shinyanga bado mnaisubiri yenu.

Sasa niseme na wale wanaume wa vijiweni. Kuna kauli mbili zinatuharibia watoto.

Ya kwanza ni "akifika miaka saba ni wangu". Nani aliwaambia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi mahali popote kwamba mtoto akitimiza miaka saba anafungasha begi kwenda kwa baba. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, na mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake naye husikilizwa. Ukikaa miaka minne unasubiri siku hiyo bila kuonana naye, siku hiyo ikifika ataulizwa, na atasema hakujui.

Ya pili ni "wakikua watanitafuta wenyewe, damu nzito kuliko maji". Hii ndiyo inanikera zaidi kwa sababu inasemwa kwa majivuno, bia mkononi, na anayeisema ana mtoto Mbagala ambako daladala inafika. Watakutafuta, ndiyo. Watakutafuta wakitaka mshenga, wakitaka jina la ukoo kwenye fomu, wakitaka kukuuliza ulikuwa wapi. Je, jibu unalo? Mwanaume mzima unamwachia mtoto kazi ya kukutafuta, wakati wewe ndiye mwenye nauli! Acheni. Nendeni.

Kama mama anakuzuia, usigombane naye getini watoto wakiwa dirishani. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anakoishi mtoto. Mimi nilikwenda. Afisa alituita wote wawili, akatusikiliza kila mmoja mpaka mwisho, tukaandikiana: Jumamosi mbili kwa mwezi, na nusu ya likizo ya Juni na ya Desemba. Ikishindikana hapo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi nafasi ya kuomba mahakamani haki ya kumtembelea mwanawe. Mimi sikufika huko, karatasi ya ustawi ilitosha, hasa kwa yule bibi ambaye alikuwa anabadilisha ratiba kila nikifika stendi.

Na mama yao usimseme vibaya. Hata akikusema. Mtoto yuko nusu yake na nusu yako, ukimtukana mama unamtukana yeye, na atakayelala naye nyumba moja usiku ule ni mama, si wewe. Nimejiuma ulimi mara nyingi kwa ajili ya hili. Leo mama yao ana mume mwingine, mtu mpole, na mwanangu wa mwisho anamwita baba. Mimi ananiita baba wa Dar. Watu wananiambia nizoee. Sijazoea na sioni kwa nini nijifanye, ila sijawahi kumrekebisha mtoto. Binti sasa yuko kidato cha pili, na fizikia ikimshinda anampigia fundi friji wa Tabata, si mjomba wake mwenye digrii. Hilo nalo nalisema kwa kifua mbele.

Ndugu wa Mwanza, Shinyanga si mbali na kwako. Kabla ya likizo ya Desemba zungumza na mama yao mapema, Oktoba hivi, kabla hajawaandikisha tuisheni, maana akishalipia hutawapata. Watoto wakija usikodi gari la kuwazungusha mjini. Wapeleke kazini kwako, washinde hapo, wachoke na wewe.

Kuhusu swali lako la pili, la kumtambulisha mke mpya, mimi sijaoa tena. Hilo kawaulize walioshajaribu.