Ndege mbili zinafikaje kwenye njia moja wakati mnara upo na rada ipo? Jibu kutoka kwa aliyekaa mnarani

Mkuu, umeuliza: kama mnara upo, rada ipo, na marubani wana macho, inakuwaje ndege mbili zikutane kwenye njia moja ya kurukia? Naona wengi waliotangulia wamekujibu kwa neno moja, "uzembe". Nimeongoza ndege kutoka mnarani miaka kumi na saba, kwenye kiwanja ambacho saa za msongamano kila dakika mbili hivi kuna inayotua au inayoruka. Uzembe upo, sikatai. Ila siku zote nilizotokwa na jasho pale juu sikuwa nimezembea. Ama nilikuwa nimesahau, ama nilikuwa nimesikia kile nilichotegemea kusikia.

Watu wengi wanadhani hatari iko huko mawinguni. Huko tuna nafasi. Karibu na kiwanja, kwa kawaida ndege mbili zilizo kwenye rada tunaziachanisha maili 3 za baharini, au futi 1,000 moja juu ya nyingine, na zikikaribiana kupita kiasi kuna mtambo ndani ya ndege zenyewe unaomwamuru rubani huyu apande na yule ashuke. Zikifika chini karibu na ardhi, mtambo huo hautoi tena amri. Njia ya kurukia inalindwa na kichwa cha mtu na maneno yanayopita redioni.

Nikupe tukio langu. Jioni moja, mvua nyepesi, rubani aliyetoka kutua alisema ameona kitu kama kipande cha mpira katikati ya njia. Nikaliruhusu gari la ukaguzi liingie. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba chombo chochote kikiingia njiani unaweka kibao chekundu kukatiza ubao wa karatasi za ndege (kila ndege ina karatasi yake pale mbele yako), mahali pale pale ambapo mkono wako lazima upite. Nikakiweka. Mara ndege nyingine ikaanza kulalamika kwamba eneo la maegesho ililopewa tayari lina ndege nyingine, tukavutana, nikapiga simu, nikajibiwa, nikairudishia majibu. Ikaja sauti ya ndege iliyo maili sita kutoka kiwanjani. Sentensi ya kuiruhusu itue nimeisema maelfu ya mara, inatoka yenyewe kama salamu. Mdomo ulishafunguka. Mkono ukaenda kuchukua karatasi yake, ukagonga kile kibao.

Nikainua macho. Taa ya njano ya gari ilikuwa inazunguka huko mbali, theluthi ya mwisho ya njia. Nikamwambia rubani aendelee kuja bila kumpa ruhusa ya kutua, gari likatoka, ndege ikatua salama. Hakuna abiria aliyejua. Mwenzangu wa kiti cha pili aliona kila kitu. Hakusema neno, alinisogezea kikombe cha maji.

Sasa angalia: dereva yule nilikuwa nimezungumza naye dakika tatu tu nyuma. Hakuwa amefichwa na ukungu wala jengo. Alikuwa amefutika kichwani, basi. Ndiyo maana nikisoma habari ya Los Angeles ya tarehe 1 Februari 1991 siwezi kumnyooshea kidole yule mwongoza ndege. Aliiweka ndege ndogo njiani isubiri, akashughulika kutafuta ndege nyingine iliyokuwa imepotea kwenye masafa yake ya redio, kisha akairuhusu ndege kubwa ya abiria itue juu ya ile ndogo. Watu wote 12 wa ndege ndogo walikufa, na zaidi ya 20 wa ile kubwa. Tofauti yake na mimi ni kibao cha plastiki.

Hilo la kusahau. La kusikia ni baya zaidi, kwa sababu unakuwa na uhakika. Kila agizo la kuingia njiani, kusubiri nje yake, kutua au kuruka, rubani analirudia, na sisi tunatakiwa kusikiliza anavyorudia. Ukisikia "tumesubiri nje ya njia" mara hamsini kwa siku, ya hamsini na moja akirudia "tunaingia njiani" sikio linaweza kukutengenezea ile ya kwanza. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, walikufa watu 583: ukungu mzito, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Rubani wa KLM alisema maneno ya kuonyesha kwamba yuko kwenye kuruka, mnara ukajibu "sawa", ukanyamaza kidogo, halafu ukaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Wakati huo huo Pan Am nayo ikasema bado iko njiani. Sauti mbili zikagongana, ndani ya KLM ikasikika miluzi. Kilichofika vizuri ni ile "sawa". KLM ikaendelea kukimbia, ikaigonga Pan Am. Tangu hapo neno "kuruka" linalindwa: redioni hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Na mimi "sawa" tupu niliiacha kabisa, hata nyumbani mke wangu alikuwa analalamika.

Haneda, kiwanja cha Tokyo, Japani, 2 Januari 2024, ni ndugu wa hilo. Ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa kwamba ni namba moja, yaani ya kwanza kwenye foleni ya kuruka, na isogee hadi mahali pa kusubiri. Rubani akaelewa ameruhusiwa kuingia njiani. Akakaa pale sekunde 40 hivi kabla Airbus ya JAL, shirika la ndege la Japani, haijatua juu yake. Watano kati ya sita wa walinzi wa pwani walikufa. Wa JAL wote 379 walitoka.

Mdau mmoja hapo juu anasema dawa ni mitambo. Kiasi. Linate, kiwanja cha Milan, Italia, Oktoba 2001, ndege mbili ziligongana njiani: rada ya ardhini haikuwepo kazini na ukungu ulikuwa mzito, walikufa 118. Lakini Haneda skrini ilionyesha onyo na hakuna aliyeliona kwa wakati. Ukiniuliza mimi, ningeanza na zile taa nyekundu zinazopangwa chini kwenye mlango wa njia ya kurukia, kwa sababu zinazungumza na rubani moja kwa moja hata kama mimi nimeteleza. Kingine ni makabidhiano ya zamu: anayeondoka akae pembeni dakika chache amsikilize aliyeingia. Sheria hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjwa watu wakiwa wachache na wamechoka.

Umeuliza pia kuhusu ndege uliyopanda iliyokaribia kugusa chini, kisha injini zikanguruma ikapaa tena. Huenda aliyekuwa mbele yenu alichelewa kutoka njiani, au upepo uligeuka. Rubani halazimiki kuniomba, anapaa kwanza ndipo ananiambia, nami nampa mwelekeo na kimo. Zamu moja ya upepo mbovu nilirudisha juu ndege nne. Daftarini ziliingia mistari minne, nikaenda kula.