Mifuko 12 ya urea kwenye mikaratusi ya Chamwino: fedha itarudi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari tatu za mikaratusi huku Chamwino, Dodoma, nafasi mita 3 kwa 3. Ina miaka mitatu na naona imedumaa. Nimepanga kuuza mirunda na nguzo ikifika miaka minane. Muuza pembejeo kanishauri niweke urea, mifuko minne kila ekari. Je, italipa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiinunue mifuko hiyo kwa sasa.

Kiwango ulichopewa kinafanana na kile cha misonobari ya kusini mashariki mwa Marekani. Kule msitu ukifika umri wa kati huwekewa kilo 225 hivi za naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye urea, kwa hekta, na hiyo ni karibu mifuko minne ya urea ya kilo 50 kwa ekari. Huongezwa pia kilo 28 za fosforasi, na miti huongeza meta za ujazo 3 hadi 4 kwa hekta kila mwaka, kwa miaka kama minane. Lakini mvua yao hupita milimita 1,000 na imetawanyika mwaka mzima. Sisi Dodoma tunapata kama milimita 600, na kuanzia Mei hadi Novemba ni ukame mtupu. Urea huzidisha majani, na majani ndiyo yanayokunywa maji. Mti ulioshiba naitrojeni mwezi wa tatu unaweza kuwa na kiu kali kuliko jirani yake ifikapo Septemba.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mfuko ni Sh 80,000. Weka bei ya dukani kwako. Mifuko 12 ni Sh 960,000. Fedha hiyo italala shambani miaka mitano, wakati ungeweza kuizungusha kwenye alizeti au mbuzi. Kwa faida ya asilimia 15 kwa mwaka, ingekuwa imefika Sh 1,930,000 hivi. Una miti kama 1,350, kwa hiyo kila mti lazima ukuongezee Sh 1,430 juu ya bei ambayo ungeipata bila mbolea, na hapo hujalipa vibarua wala hujahesabu miti iliyoliwa na mchwa. Ndiyo maana sikushauri.

Ingekuwa ni kupanda, ningesema tofauti. Gramu 50 za DAP, mbolea ya kupandia, kwa mche, zikifukiwa pembeni kidogo ili zisiunguze mizizi, ni kilo 22 na nusu kwa ekari, hata nusu mfuko haifiki. Mizizi ikiwahi kushuka chini kabla ya kiangazi, mche umeshapona. Hapo mbolea huwa na maana, mradi palizi imefanyika, maana nyasi nazo hula DAP.

Kwa shamba lako la miaka mitatu, anza na palizi na visahani vya kukingia maji kuzunguka mashina. Halafu punguzia: toa miti iliyopinda na iliyofunikwa na wenzake. Inayobaki itagawana maji na kunenepa, na unene ndio unaopandisha bei. Mti wa kipenyo cha sentimita 17 una eneo la shina kubwa kwa asilimia 28 kuliko wa sentimita 15, ingawa kwa macho huoni tofauti. Tena mirunda utakayoitoa utaiuza sasa. Ujenzi wa mjini hauna haja ya kusubiri miaka minane.

Kama ncha za juu hukauka kila kiangazi hata pale penye unyevu, peleka udongo na majani maabara ya udongo ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mikaratusi mara nyingi hupungukiwa na kirutubisho cha boroni, na hapo urea haisaidii kitu.

Bado una hamu ya kujaribu? Nunua mfuko mmoja tu. Chagua mistari minne: miwili weka gramu 200 kwa mti, miwili usiweke, na uache mistari miwili katikati, kwa kuwa mizizi ya mikaratusi husafiri mbali. Weka mvua ikiwa imeshika, na ufukie. Urea ikibaki juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani. Pima mzingo wa kila shina kwa futi ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini, mwezi wa kwanza na kila Mei, kwa miaka miwili. Niletee vipimo hivyo, tutakaa tuvipigie hesabu pamoja kabla hujanunua mfuko wa pili.