Pia ya goti kuhama: dai picha ya tatu kabla ya kulipia MRI

Mkuu wa Tukuyu, nimesoma maelezo yako. Binti ana miaka 15, anacheza netiboli, pia ya goti imeshahama mara mbili, eksirei ikasoma "mfupa mzima", na sasa umeambiwa utafute hela ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonesha hadi kano na nyama laini ndani ya goti. Unauliza kama ni lazima. Mimi si daktari, ila goti langu la kulia limepita njia hiyo hiyo hapa Mbeya, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Yangu ilihama nikicheza mpira Uyole. Niligeuka ghafla mguu umekita chini, nikaona pia iko pembeni, upande wa nje. Niliponyoosha mguu ikarudi yenyewe. Hospitali niliyokimbilia walinilaza, wakapiga picha mbili, ya mbele na ya ubavu, wakaandika hakuna mvunjiko, nikaondoka na vidonge vya maumivu na bandeji. Karibu mwaka mzima nikawa napanda mlima Loleza bila shida, kushuka ndiyo balaa. Kwenye basi la Dar, goti likikaa limekunjwa tangu alfajiri, tukifika Makambako tu linawaka. Mwishowe likahama tena, safari hii nikishuka kwenye bajaji.

Daktari wa mifupa niliyempata baada ya hapo hakuanzia kwenye mashine. Alinitaka nioneshe kwa kidole kimoja panapouma. Akanikalisha ukingoni mwa kitanda, akaniambia ninyooshe mguu taratibu huku akiitazama pia: mguu ulipokaribia kunyooka, ikachepuka kwenda nje. Akanilaza, akakunja goti kidogo, akaisukuma pia kuelekea nje kwa dole gumba. Nilimdaka mkono kabla hata sijafikiri. Akasema hofu hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta, na hakuna picha inayoionesha. Kisha akazungusha nyonga zangu zote mbili. Hili lishike sana, mkuu: kwa watoto wa umri wa binti yako, ugonjwa wa nyonga unaweza kujitokeza kama maumivu ya goti. Kama hakuna aliyemgusa nyonga, bado hajapimwa.

Baada ya hapo ndipo akaandika picha ya tatu ya eksirei. Kwenye picha ya mbele, pia imefunikana na mfupa wa paja, kwa hiyo ule mfereji ambao pia inateleza ndani yake huuoni. Picha ya tatu hupigwa goti likiwa limekunjwa kiasi, kama nyuzi 30 hadi 45, mionzi ikipita nyuma ya pia. Hapo unaona mfereji una kina gani na pia imekaa katikati au imeinamia nje. Goti lisikunjwe sana, maana likikunjwa sana pia huvutwa mferejini na kuonekana salama kumbe siyo. Yangu ilikuwa imeinama, mfereji hauna kina, na kipande kidogo cha mfupa kimebanduka ukingo wa ndani.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Alichukua filamu yangu ya zamani, ile ya ubavu, akaweka rula. Urefu wa kano inayoshuka kutoka kwenye pia hadi mfupa wa ugoko, ugawanye kwa urefu wa pia yenyewe. Ni kipimo cha Insall na Salvati, cha tangu 1971. Kawaida ni kati ya 0.8 na 1.2. Mimi nilikuwa na 1.3, yaani pia imekaa juu mno, inachelewa kuingia mferejini. Jibu lilikuwa kabatini kwangu muda wote, ila hakuna aliyelipima.

MRI nilifanya, lakini tukijua inaenda kujibu nini: gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limeumia? Ile kano ya upande wa ndani inayoizuia pia isitoke imekatika? Kipande kile kinaelea ndani ya goti? Na mfereji uko mbali kiasi gani, kwa upande, na pale kano inayoshuka kutoka kwenye pia inapojishika kwenye ugoko? Umbali huo ukizidi milimita 20 madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji. Mimi zilikuwa 16, kipande hakielei, nikapelekwa fiziotherapia, miezi minne ya mazoezi ya paja na nyonga.

Dada yangu wa Iringa naye magoti humuuma akichuchumaa na akishuka mteremko wa Gangilonga, lakini pia haijawahi kuhama wala goti kuvimba. Yeye alipimwa kwa mikono, akapewa mazoezi, basi. Kwake MRI ingekuwa hela imetupwa.

Kwa binti, pia imehama mara mbili, kwa hiyo MRI huenda ikahitajika kweli. Ila kama goti lilivimba saa chache baada ya kuhama, linakwama, au hawezi kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala, usisubiri kabisa, mpeleke wiki hii. Vinginevyo anza na daktari wa mifupa, beba filamu zote za zamani, na omba picha ya tatu ya magoti yote mawili ili walinganishe. Wakisema wanaona mstari kwenye kona ya juu ya nje ya pia, waulize kama kingo zake ni laini. Wapo watu wanaozaliwa na pia isiyoungana hapo, na husomwa kimakosa kuwa imevunjika.

Halafu niambie: siku ilipohama, goti lilivimba baada ya muda gani?