Mwanangu ni Punje Ipi?

Swali lenu la wiki linasema: "Kwa nini mtu mmoja akisimulia kisa chake tunamwamini kuliko takwimu, na je, tunakosea?" Nadhani wengi watawajibu kwamba kisa ni kitamu na takwimu ni kavu. Ni kweli, lakini mimi nimekula mshahara kwa visa miaka 27, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa urefu.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati mkoani Tanga, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilishika kliniki ya mama na mtoto. Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Akina mama wanafika asubuhi, kadi za kliniki zimeviringishwa kwenye nailoni zisilowe, watoto mgongoni, wanajipanga kwenye mabenchi mawili chini ya mwembe. Kabla ya kupima uzito, nesi anatoa somo la afya. Nilipoanza kazi nilisoma kama nilivyofundishwa chuoni: surua husababishwa na virusi, huenea kwa njia ya hewa, madhara yake ni haya na haya. Mmoja anamsuka mwenzake, mwingine anafungua kitumbua. Siku moja nikachoka, nikasema, "Jamani, kuna mtoto wa kule ng'ambo ya mto..." Hata sikumaliza sentensi. Kitumbua kilirudi kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kisa changu, na nitakirudia mwishoni kwa sababu kina deni.

Kwanza niwaeleze habari ya maharage. Ilikuwa mwaka 2015 au 2016 hivi. Akaja baba na mtoto wake, jambo lililokuwa nadra, akakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyekuja kulipa faini. Nilipomaliza somo akanyoosha mkono. "Nesi, hizo sindano mnazozisifu, mtoto wa dada yangu alichanjwa hapahapa, na surua ikamkamata vilevile." Nikafungua rejista. Kweli, mtoto alichanjwa, tarehe ipo, saini ni yangu. Yule bwana hakuwa anasema uongo.

Kwenye kikapu nilikuwa na maharage mabichi niliyonunua njiani. Nikamwaga mezani, nikahesabu punje 100, wote wananitazama. Nikazitenga 15 pembeni. Nikamwambia, "Baba, hawa wote wamechanjwa surua wakiwa na miezi 9. Katika umri huo, kama 85 kinga inashika. Hawa 15 haijashika. Mtoto wa dada yako ni mmoja wa hawa. Ndiyo maana siku hizi tunawaita tena wakifika miezi 18, tuwapate waliobaki." Akazitazama zile punje muda mrefu. Akaelewa kabisa, nilimwona usoni. Kisha akauliza, "Sawa, nesi. Wangu ni punje ipi?"

Sikuwa na jibu siku ile na leo sina. Takwimu inakwambia habari za watu mia, na wewe umekuja na mmoja, uliyemzaa, ana jina na ana kovu la kuungua kifundoni. Kisa kinakupa mtu wa kumfananisha naye. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wapenda visa ni wajinga. Yule baba aliuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa pale, ila ni swali ambalo hesabu haijapewa uwezo wa kulijibu.

Sasa tazameni upande wa pili wa meza. Katika kijiji chenye watoto 100 waliochanjwa mara moja, surua ikipita, wale 15 wanaweza kuzaa hadithi 15, na zote za kweli tupu. Wale 85 hawana hadithi. Nani atasimama kisimani aseme, "Jamani, mwanangu jana hakuugua"? Kwa hiyo mtu anayeishi kwa kusikiliza tu, bila mtu yeyote kumdanganya hata kwa neno moja, atarudi nyumbani anaamini kwamba chanjo haifanyi kazi. Hapa ndipo kisa kinaponitisha. Cha uongo naweza kukibishia. Cha kweli kilichokuja peke yake, bila wenzake waliobaki kimya, nitakibishiaje?

Lugha yetu ilishalitambua jambo hili zamani. Bibi alipoanza, "Hadithi, hadithi!" tuliitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Tuliualika uongo kwa jina lake, ukaingia kwa mlango wa mbele, ukakaa. Hakuna mtoto aliyelala akiamini kwamba sungura amempeleka fisi mahakamani. Na mtoto huyohuyo, ikifika jioni, alikwenda chuo cha Kurani kwa mwalimu akakutana na neno lilelile, hadithi, yaani maneno na matendo ya Mtume, lakini huko masharti ni mengine: kabla ya maneno yataje majina, fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka chanzo. Mpokezi mmoja akijulikana kuwa msahaulifu au mwongo, hadithi nzima inaitwa dhaifu, hata iwe tamu namna gani. Kwa bibi uongo umetangazwa, kwa mwalimu mnyororo umetajwa. Kisa cha siku hizi, hasa kile kinachoingia kwa sauti ya WhatsApp saa nne usiku, kimekwepa vyote viwili.

Nimejaribu kuuvuta mnyororo huo pale benchini. Mwaka 2018 ilipoletwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14, hazikupita wiki mbili nikaambiwa kuna msichana amechomwa akawa tasa.

"Msichana gani?"

"Wa shule ya kule juu."

"Unamjua?"

"Shemeji yangu ndiye anayemjua."

Shemeji mtu alipopita na bodaboda yake nikamsimamisha. Naye hamjui, alisikia kwenye Hiace ya Korogwe. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza taratibu, "Hivi mtoto wa miaka 14, hajaolewa, yuko shule, huo utasa wake umepimwa lini?" Tulicheka mpaka machozi. Lakini niseme ukweli, sio wote waliocheka walioleta binti zao.

Mwaka 2011 nchi nzima ililipia somo hili. Mnakumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akiwanywesha watu kijijini Samunge dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500, na ilisemwa inatibu kisukari, pumu, saratani, hata UKIMWI. Foleni ya magari ikawa inahesabiwa kwa kilomita. Mawaziri walikwenda, na wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao nao walikwenda. Sitaki kumcheka marehemu. Alifariki Julai 2021, na bei yake ilikuwa sehemu ya nguvu yake, maana kila mtu alijiambia tapeli hatozi shilingi 500. Kilichoijaza ile barabara ni ushuhuda. Mtu anarudi, anashuka kwenye gari, mwepesi, anacheka, anasema nimepona.

Jirani yangu mmoja mwenye kisukari alikuwa miongoni mwao. Alirudi akatupa vidonge, akawa anasimulia pale gengeni kila jioni, na ni kweli alikuwa na nafuu. Kisukari kina tabia hiyo: sukari inaweza kupanda pole pole na mwenyewe ukajiona mzima kwa wiki kadhaa. Kwa miezi miwili alisimulia. Mwezi wa tatu kidonda cha mguu kilimweka ndani, na genge likaendelea na habari za mpira. Aliyepata nafuu hupita nyumba kwa nyumba, aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyekufa hana zamu ya kusema. Siku tulipomzika yule jirani hakuna aliyetaja kikombe. Ingekuwa utovu wa adabu.

(Naona nimeshaanza kuthibitisha kwa visa kwamba visa havithibitishi. Mhariri, nisamehe, sina zana nyingine.)

Biashara ya kubeti imelielewa jambo hili kuliko sisi wauguzi. Bango la barabarani linamwonyesha kijana aliyeshinda mamilioni, ameshika hundi kubwa kama mlango. Sijaona bango la waliochaniwa mkeka, nadhani barabara ya Dar hadi Tanga isingetosha. Na wale wa "babu yangu alivuta sigara akafa na miaka 90" nawaachia wengine, maana nimebishana nao vya kutosha kwenye foleni ya maabara.

Kuna kosa jingine la visa ambalo halihusu ukweli kabisa. Mama ameharibikiwa na mimba, amekaa kitandani anatazama ukuta. Anaingia mwenzake na nia njema: "Pole shoga, hata mimi mwaka ule..." Dakika kumi baadaye mwenye msiba ndiye anayempa pole mgeni. Nimeliona hilo mara nyingi, na mara mbili tatu mgeni nilikuwa mimi.

Sasa lile deni.

Kisa changu cha mtoto wa ng'ambo ya mto kilikuwa hivi. Mama yake hakumleta kwa sindano ya miezi 9 kwa sababu ya mavuno ya mahindi. Mtoto akashikwa na surua, ikaingia kifuani ikawa nimonia. Wakamtoa usiku kwa baiskeli kwenda hospitali, mto umefurika, wakangoja maji yapungue, mtoto akafia mgongoni mwa mama yake, ndani ya kanga. Nilikisimulia kwa takriban miaka sita. Akina mama walilia. Waliokuwa wamepitiliza tarehe walirudi Alhamisi iliyofuata, na kwenye vikao vya wilaya nikawa nasifiwa kwa mahudhurio.

Ukweli ni kwamba rufaa ya mtoto yule, ile karatasi ya kumpeleka hospitali, niliiandika mimi, na baada ya siku chache mwenye baiskeli akaniambia, "Yule mtoto, nesi, sidhani." Basi. Sidhani yake nikaigeuza kifo, wala sikwenda kuuliza. Mto sijui uliingia lini. Nadhani ni mwaka mmoja wa masika. Kanga niliiongeza baadaye, nikaona inafaa.

Watu wa ng'ambo walikuwa wanahudumiwa kwa mkoba, yaani wahudumu waliwafuata huko kwao, kwa hiyo hawakukaa benchini kwangu. Mpaka Alhamisi moja bibi mmoja akamleta mjukuu wake mchanga, akasikiliza kisa changu chote, mwanzo mpaka mwisho, bila kupepesa. Walipotawanyika alibaki. Nilikuwa najaza rejista.

"Mwanangu nesi," akasema, "yule mtoto unayemuua kila Alhamisi ni mjukuu wangu. Yuko darasa la kwanza."

Kalamu ilinidondoka. Nikamwomba radhi, sijui hata kwa maneno gani. Yeye hakukasirika, alikuwa anataka tu kusahihisha. "Na mto haukufurika. Ulikuwa mwezi wa nane, tulivuka kwa miguu, mchanga mtupu. Baiskeli ndiyo, ilikuwepo." Mtoto alilazwa wiki mbili akapona, ila sikio la kushoto limekuwa likitoa usaha tangu wakati ule na halisikii vizuri. Mwalimu anamkalisha mbele.

Usiku ule sikulala. Nilijua kuna watoto kijijini waliochanjwa kwa ajili ya maiti isiyokuwepo, na sikujua nijute au nishukuru. Asubuhi nilimtumia bibi ujumbe kwa mjukuu wake mkubwa: Shikamoo bibi, Alhamisi ijayo naomba uje usimulie mwenyewe.

Alikuja. Alisimulia karibu nusu saa. Alianza na mbuzi waliyemuuza kupata pesa ya hospitali, akaingia kwenye nauli, akamtaja shemeji aliyekataa kuazima tochi, akarudi kwa mbuzi, akasahau alipofika, akakumbushwa. Hapakuwa na mafuriko wala mtu aliyekufa. Vitumbua vilifunguliwa. Kivuli cha mwembe kilihama kikatuacha juani. Alipofika kwenye sikio alilitaja kwa sentensi moja tu, akakaa. Swali la kwanza kutoka benchini lilikuwa mbuzi waliuza shilingi ngapi.

Bibi akawajibu bei ya mbuzi. Nikawa naandaa mizani, na pale mwisho wa benchi nikamwona binti mmoja, mzazi wa mara ya kwanza, amemgeuza mtoto wake kichwa kuelekea kwenye mwanga, amevuta ncha ya sikio kwa vidole viwili, anachungulia ndani.