Muulize Anko Gemu: Mimi ndo bosi wa kampuni ya kishetani, mbona menejimenti yenyewe siioni?

Toleo lililopita tuligusia Spinnortality, gemu ya cyberpunk ambayo wewe ndo unaendesha kampuni, kwa aya mbili tu, na barua zimemiminika. Kwa aliyekosa: cyberpunk ni ile aina ya hadithi za miji ya taa za neoni na mvua isiyokatika, serikali imebaki jina na kampuni kubwa ndo zinaamua ule nini na ufikirie nini. Gemu nyingi za aina hiyo unakuwa mtu wa mtaani unayepambana na kampuni, ila kuna chache ambazo wewe ndo kampuni, na hizo ndo mmeziandikia.

Anko shikamoo. Niliinunua Spinnortality, siku za mwanzo ilikuwa moto kweli nikawa silali, halafu katikati nikaboeka ghafla na sijairudia. Nikisoma maoni ya wachezaji wengine wanaisifia mpaka basi, wengine wanasema ni kubonyeza tu vitufe. Nani mkweli? – Mdau, Dodoma

Marahaba mwanangu. Wote wakweli, ila wanaongelea masaa tofauti ya gemu ileile.

Hii kitu imetengenezwa na James Patton, kimsingi mtu mmoja na meza yake, ikatoka 2019, na ukijua hilo unaisamehe mambo mengi. Unaingiza bidhaa sokoni nchi kwa nchi, bidhaa isipoendana na watu wa pale unawabadilisha watu badala ya kubadilisha bidhaa, yaani unatumia habari kuwasogeza fikra mpaka waitake. Serikali ikikukwaza unaisukuma kwa mlango wa nyuma. Na juu ya yote bosi wako anazeeka, kwahiyo sehemu ya faida inaenda kwenye utafiti wa kutokufa, kuhamia mwili mpya mambo yaendelee.

Wanaoisifia wanasifia hilo wazo na mimi niko nao. Hakuna bunduki, hakuna damu kwenye skrini, unakaa na menyu na namba, unafanya mambo ambayo ukiyasoma gazetini ungetukana, na unayafanya huku unawaza asilimia tu. Sijaona gemu nyingi zinazokufanya mtu mbaya kwa utulivu kiasi hicho.

Sasa wanaoiponda. Mwanzoni pesa ni ngumu, kila uamuzi unauma, unachagua nchi moja unaacha mbili, na hapo ndo ulikuwa hulali. Ukishavuka mlima pesa zinajiingiza zenyewe, unabaki na mzunguko ule ule, bidhaa mpya, nchi, habari, subiri, rudia, na hakuna kitu kinachokusukuma kwa nguvu ileile uliyokua nayo. Kuna mashabiki wanatetea eti ndo ujumbe wenyewe, uovu wa kampuni unaboa. Mimi hiyo siipokei. Gemu ikikuboa kwa makusudi bado imekuboa, na hela ulishatoa.

Ushauri: usiendelee na sevu yako, anza upya na uamue toka mwanzo unataka mwisho wa aina gani, maana miisho iko zaidi ya mmoja. Ukicheza bila lengo lazima ukwame palepale ulipokwama.

Niaje Anko. Niko na laptopu mzee sana, ramu ni giga mbili tu na sioni nikinunua ingine hivi karibuni. Mzee wangu huniambia Syndicate ndio baba ya hizi gemu zote za makampuni. Itaingia kwa hii mashine? Na kuna usimamizi kweli ama ni risasi tu? – Msomaji, Eldoret

Poa sana. Mwambie mzee Anko anamsalimia, huyo ni mtu wa maana.

Mashine yako inatosha na chenji inabaki. Syndicate ilitoka 1993, kazi ya Bullfrog, studio ya Guildford kule Uingereza, EA ndo wachapishaji, kwahiyo inaendeshwa ndani ya DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani, na laptopu yoyote inayowaka inaiweza. Inauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, kama Syndicate Plus, ndani yake unapata na American Revolt ile nyongeza ngumu kupita kiasi. Kuna kisa: 2021 EA waliiondoa GOG, wachezaji wakapiga kelele, ikarudishwa na ikagawiwa bure mpaka mwanzo wa Septemba. Waliowahi waliwahi. Wewe subiri punguzo, lipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotoka M-Pesa, haihitaji benki.

Kuhusu swali lako la pili, hapo ndo penye utamu na ndo wachezaji wanabishana mpaka leo. Ukipima kwa muda, ni risasi. Unaongoza maajenti wanne wenye makoti marefu, unawatazama kutoka juu kwa pembeni, wanaingia mjini wanaua, wanateka au wanamtorosha mtu. Ila kabla na baada ya kila misheni kuna ramani ya dunia yenye maeneo 50, na pale ndo wewe ni bosi wa kampuni. Kila eneo unalolitwaa unalipangia kodi. Ukiipandisha pesa inaingia, ila watu wananuna taratibu, ukizidisha wanaasi, eneo linakutoka mkononi na lazima urudi kulipigania upya kwa maajenti walewale.

Ni mstari mmoja wa kodi tu, jamani. Hakuna mishahara, hakuna bodi, hakuna washindani wanaopandisha bei. Lakini ongea na yeyote aliyeicheza enzi hizo atakwambia habari ya kodi kabla ya bunduki, kwasababu tamaa yako ya leo inakurudia kesho ikiwa na silaha. Gemu nyingi za baadae zimeweka majedwali kibao na hazijafika hapo.

Pesa ya kodi inaenda wapi? Utafiti. Unamwaga hela kwenye silaha mpya au viungo bandia, miguu, mikono, kifua, moyo, macho, ubongo, kila kimoja kina matoleo matatu, na ukiongeza bajeti utafiti unakimbia. Na kuna ujanja unaojulikana: muda unaenda hata ukiwa umekaa kwenye ramani, kwahiyo watu walikuwa wanaacha kompyuta inawaka wanaenda zao kula, wakirudi hazina imejaa. Wengine wanauita wizi, mimi naona ni kitu cha kibosi kabisa, kukaa bila kufanya chochote huku kodi inaingia.

Halafu usipitwe na Persuadertron. Ni kifaa unachombebesha ajenti, raia akikaribia anageuka wako, anakufuata nyuma kama kondoo, ukishapata raia wa kutosha unaweza kuvuta polisi, ukipata polisi unavuta na maajenti wa adui ukawapeleka kwenu wakawa wafanyakazi wako. Hiyo ndo idara ya ajira ya kampuni yako, haina usaili.

Malalamiko? Yapo. Huwezi kusevu katikati ya misheni, kwahiyo ukikosea dakika ya mwisho unaanza mwanzo. Ile mistari mitatu ya dawa ya kila ajenti, ya kuongeza kasi, macho na akili, haielezwi vizuri na wapya wanaiweka juu muda wote, mwili unazoea, baadae haifanyi kazi vizuri. Na misheni ya Atlantic Accelerator kule mwisho, we nenda tu utaelewa. Ukiona DOSBox inakusumbua kuna FreeSynd, mashabiki wameiandika upya injini na kodi yake iko wazi, ila inahitaji mafaili ya gemu halisi. Nikisema kodi hapo ni ya programu, usije ukaipandisha.

Anko mambo. Nilishawishiwa nichukue Satellite Reign eti ndo Syndicate ya kisasa. Picha safi, mji mzuri balaa, nimeimaliza. Lakini ramani ya dunia iko wapi? Kampuni yangu iko wapi? Nimeibiwa au? – Kijana wa Mwanza

Hujaibiwa, ulisikia nusu ya habari.

Satellite Reign imetoka Agosti 2015, wametengeneza 5 Lives Studios wa Brisbane, Australia, na kiongozi wao Mike Diskett alishafanya kazi kwenye Syndicate Wars ya 1996, mwendelezo wa Syndicate. Walichangiwa na wachezaji kupitia Kickstarter zaidi ya pauni 460,000. Kwahiyo undugu na Syndicate ni wa damu. Ila walichorithi ni mtaa, ofisi hawakuirithi. Ni mji mmoja wenye wilaya nne, maajenti wanne kila mmoja na fani yake, na adui ni Dracogenics, kampuni iliyoshika teknolojia ya kufufua watu. Wewe uko upande wa kutaka kuipora.

Usimamizi upo kidogo ukiuangalia vizuri. Ukidukua mashine ya kutolea pesa inaanza kukuletea kipato chenyewe, ukimpata mwanasayansi unamlipa anakusogezea utafiti haraka. Basi. Maoni ya wachezaji wengi waliotoka Syndicate yako hapo hapo ulipo wewe, wanapenda kujipenyeza jengoni na wanamisi kile kiburi cha kuona dunia nzima ina rangi ya kampuni yako. Nakubaliana nao, japo nadhani wangeongeza ramani ya dunia kwa hela ile mji ungekuwa hovyo, na mji ndo kitu bora walichofanya. Walichokuja kuongeza baadae ni uwezo wa kucheza na wenzio, tafuta rafiki mmoja urudie nayo, inakuwa kitu kingine.

Anko, mimi ni mama wa kijana wa kidato cha pili. Nimemkuta anacheza gemu, nikamuuliza unafanya nini, akanijibu "nabadilisha serikali mama, wananibana biashara." Nimeshtuka. Nifute? – Mama, Tanga

Dada yangu pole, ila hapo nimecheka kwanza.

Kama ni Spinnortality, damu hamna wala uchi siyo shida yake, shida ni uongo na rushwa ambavyo gemu inavitaja kwa majina yake bila kuficha. Mwambie akufundishe namna ya kucheza, ukae naye jioni moja, umuulize kwanini ameamua hivi na siyo vile. Atajieleza mpaka utachoka. Kama ni Syndicate hapo niko na wewe, zile bunduki za moto na raia wanaokimbia wanaungua siyo za mtoto wa umri huo, hata kama watu wenyewe ni vidoti tu. Kufuta bila kuongea hakusaidii, ataidaunilodi kwa mwenzie.

Asalaam aleikum Anko. Mimi ni mhasibu, hizi gemu zenu za cyberpunk nimejaribu na hesabu zake ni za kitoto. Nipe moja ambayo biashara ni biashara. – Mhasibu, Unguja

Waaleikum salaam. Nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe.

Chukua Offworld Trading Company, ya Mohawk Games, studio ya Soren Johnson aliyesanifu gemu ya Civilization IV. Ilitoka Aprili 2016. Neoni hamna, mvua hamna, ni Mirihi na vumbi lake jekundu, kwahiyo wapenzi wa mtindo watanuna, lakini roho ya kampuni la kishetani iko pale kuliko zote nilizozitaja juu. Jeshi hakuna. Mnashindana kampuni kadhaa kwenye soko moja, maji, oksijeni, chuma, kioo, umeme, na bei ya kila kitu inapanda ukinunua na kushuka ukiuza, hapohapo unaiona. Wote mkikimbilia kutengeneza kioo, kioo kinakuwa takataka na aliyebaki na maji anawacheka. Unashinda kwa kununua hisa za wenzio mpaka wanakuwa mali yako. Deni nalo lipo, na ukiliacha likue linakushusha thamani, sina haja ya kukufundisha hilo.

Halafu kuna soko la magendo. Unanunua maharamia wa kupora mizigo, unanunua uasi kwenye kiwanda cha mtu, baruti, na kila ukinunua bei inapanda kwa mara inayofuata. Kuna jengo la wadukuzi linalotengeneza uhaba wa uongo sokoni, bei ikapanda bila hata kilo moja kupungua. Nionyeshe cyberpunk iliyozidi hiyo.

Malalamiko ya wachezaji ni kwamba inakimbia mno, haikupi muda wa kutafakari, raundi moja inaweza kuisha kwenye nusu saa na mwenye vidole vizito anakuwa ameshanunuliwa. Ukicheza na kompyuta unaweza kusimamisha muda, anza hivyo. Mtandaoni usiende mapema, kule kuna watu.

Anko hizi zote zipo kwa simu? Laptopu sina. – Msomaji, Bujumbura

Spinnortality, Satellite Reign na Offworld ni za kompyuta. Syndicate ukiwa na mafaili yake unaweza kuifungua Android kupitia Magic DOSBox, inawaka vizuri tu, ila kupeleka maajenti wanne kwa kidole kwenye skrini ndogo ni mateso, na ramani ya kodi maandishi yake utayasoma kwa kukodoa. Ukipata kebo ya kuunganisha mausi kwenye simu, ile ya OTG, inachezeka kabisa.