Mnaoanza kusoma kinga na saratani, fuateni ishara moja kwanza

Wadogo zangu wa uuguzi na maabara hapa Malindi, mkifika kwenye njia za ishara za seli mtakuta mchoro umejaa mishale, na wengi mtakesha mkiukariri. Msiukariri. Shikeni ishara moja, muifuate kutoka nje ya seli hadi kwenye kiini, mjue inawasha nini na nani anaizima.

Mimi huanza na interferoni gama, protini ambayo seli za kinga huitumia kupeana ishara. Seli T, askari wa kinga, ikiitambua seli ya saratani, humwaga interferoni hii. Inashika kipokezi kwenye uso wa seli ya saratani, vimeng'enya JAK1 na JAK2 vinaamka na kuibandika fosfati protini STAT1, nayo inaingia kwenye kiini kuwasha jeni. Baadhi ya jeni hizo huifanya seli ya saratani ionyeshe waziwazi antijeni zake, yaani vipande vya protini vinavyoitambulisha kwa kinga, na hilo ni faida kwetu. Lakini ishara hiyohiyo huzalisha PD-L1, protini ya kuzuia inayokaa juu ya seli ya saratani. Hii ikikutana na PD-1, kipokezi cha breki kilicho juu ya seli T, kimeng'enya SHP2 huitwa kuondoa fosfati zilizokuwa zikichochea shambulio, na seli T inapoa. Hapa kaeni, msipapite mbio: shambulio lenyewe ndilo lililoamsha kizuizi chake. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini uvimbe uliopoteza JAK1 au JAK2 unaweza kukaidi dawa za kuzuia PD-1. Hausikii tena interferoni.

PD-1 iligunduliwa katika maabara ya Tasuku Honjo, Japani, mwaka 1992. James Allison wa Marekani alishughulika na breki nyingine ya seli T, CTLA-4. Walipewa Nobeli pamoja mwaka 2018.

Msidhani haya ni ya mtihani tu. Mgonjwa aliyetibiwa saratani Mombasa au Nairobi hurudi kwao Barani au Maweni, na akianza kuhara anakuja kwenu. Muulizeni kama amewahi kuchomwa dawa hizi za kuzuia breki za kinga, hata kama ni miezi iliyopita, maana kinga iliyoachiliwa inaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi za homoni. Choo kipimwe, ndiyo, lakini msimpe dawa ya amiba mkamruhusu aende zake. Daktari wake wa saratani apigiwe simu siku hiyohiyo. Huenda anachohitaji ni steroidi, dawa ya kutuliza kinga.