Maswali na majibu: michezo ya kutia nguvu miguu ya wazee

Karibu barua zote zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, mzee anaweza kupata nguvu za miguu kwa kucheza? Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi ninaowahudumia wamepita miaka 70. Nimechagua maswali saba.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74. Mjukuu wake amemwekea gemu ya kwenye runinga, ile ya bolingi, ya kuviringisha tufe na kuangusha pini. Anaicheza kila jioni akiwa kwenye kochi na anaipenda mno. Miguu yake inapata nguvu?

Marahaba, mwanangu. Kuipenda kwake ni mtaji mkubwa, msiuguse. Ila kwa miguu jibu ni hapana, kwa sababu anayefanya kazi hapo ni mkono. Gemu za aina hiyo, tangu zile za Wii, mtambo wa gemu ulioingia sokoni mwaka 2006, husoma mwendo wa kifaa kilichoshikwa mkononi. Mchezaji awe amesimama au ameketi, kwa gemu ni mamoja.

Msuli huongezeka nguvu unapobebeshwa mzigo kuliko uliouzoea, ukachoka, kisha ukapumzishwa. Kwa miguu ya mzee, mzigo wa kuanzia ni mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo msibadilishe gemu, badilisheni sheria. Mama atoke kwenye kochi, kwa maana linazama na linamvuta nyuma, akae kwenye kiti kigumu chenye mikono. Kila anapotaka kurusha, ainuke kwanza, arushe akiwa amesimama, kisha aketi. Mchezo mmoja wa bolingi una raundi 10, na kila raundi huwa na mrusho mmoja au miwili, ila ya mwisho huwa na miwili au mitatu. Akimaliza mchezo ameinuka mara 11 hadi 21, na akilini mwake alikuwa anahesabu pini tu.

Mwangalieni sana anapoketi. Wazee wengi huinuka vizuri halafu wakajitupa kitini kama gunia. Kushuka polepole, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, ni kazi nzito kwa misuli ya mapaja na ndiyo inayofaa. Wekeni sheria kwamba akijitupa, pini za raundi hiyo hazihesabiwi.

Baba ana miaka 88 na anatembea kwa fimbo. Hatujachelewa?

Hamjachelewa. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha kazi ya daktari Maria Fiatarone na wenzake, waliyoifanya Boston, Marekani, pamoja na wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee. Umri wao ulikuwa karibu miaka 90. Kwa wiki 8 walinyanyua uzito kwa miguu, na si uzito wa kubembeleza. Nguvu za miguu yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao hawakuhitaji tena fimbo.

Hiyo haikuwa gemu. Zilikuwa mashine, na wataalamu walikuwa kando yao. Nawatajia kwa sababu inaonyesha kwamba msuli wa miaka 90 bado unasikia ukiitwa, mradi uitwe kwa mzigo wa kweli. Kwa baba yenu, mtaalamu amwone kwanza, apime presha yake na mwendo wake, kisha mchezo uanzie kwenye kiti kirefu kidogo, na mtu asimame karibu.

Nyumbani hatuna gemu wala mashine. Kuna mchezo wowote wa kufanya bila umeme?

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, maana kazi yangu nyingi naifanya kwa dadu na karata.

Niliwahi kumhudumia bibi mmoja aliyekataa kata kata kuhesabiwa anavyoinuka. “Mimi si mwanafunzi,” aliniambia, na mazoezi yakaishia hapo. Siku iliyofuata nilifika na karata. Nilizipanga kifudifudi, nusu kwenye meza iliyokuwa mbele yake na nusu juu ya kabati lililosimama hatua nne kutoka kitini. Mchezo ni ule wa kutafuta jozi: unafunua karata moja mezani, halafu unafuata mwenzake kabatini. Ukikosea, unazirudisha kifudifudi, unaketi, na zamu inakwenda kwa mwenzako.

Mara ya kwanza alikandamiza mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti, akakaza midomo, akainuka kwa mkupuo. Sikusema neno. Wiki ya pili nikaongeza sheria moja: jozi ulizoshinda unazishika, huziweki chini. Sasa mkono mmoja ulikuwa na karata, kwa hiyo akawa anajisukuma kwa mmoja uliobaki. Kadiri alivyozidi kushinda ndivyo mikono ilivyozidi kujaa, hadi siku moja alikuwa na karata mkono wa kushoto na mkono wa kulia, na akainuka. Vidole vyake vya miguu vilijikunja ndani ya viatu, magoti yakatetemeka kidogo, akasimama wima. Hakuona kilichotokea, alikuwa anaitafuta jozi ya malkia.

Dadu nayo inatosha peke yake. Namba yoyote ikitoka, ndiyo idadi ya kuinuka na kuketi. Mrusho unaofuata ni wa kunyanyua visigino, mzee akiwa ameshika ukingo wa meza, ili shavu la mguu nalo lipate sehemu yake. Wa tatu ni wa kupanda na kushuka kidato cha chini cha ngazi, mkono ukiwa kwenye reli. Wa kwanza kufika 50 ameshinda. Wajukuu wacheze pia, na wasimwachie bibi ashinde kwa huruma, maana wazee huligundua hilo upesi na hamu inaisha.

Mzigo ukiwa mwepesi, msiongeze dadu tu. Tumieni kiti kifupi zaidi, au mpunguze msaada wa mikono. Kurudia mara nyingi kitu kilichokwisha kuwa rahisi hakuongezi nguvu sana.

Magoti yangu yanauma, daktari aliniambia gegedu zimelika. Nisicheze?

Cheza, tena mazoezi ya kuimarisha mapaja ni sehemu ya matibabu ya goti la namna hiyo. Msuli wa mbele ya paja ukiwa na nguvu, goti hutulizana.

Anza na kiti kirefu, au weka mto mgumu usiobonyea, ili goti lisikunjwe sana. Maumivu madogo wakati wa kucheza yanavumilika ikiwa kesho yake asubuhi yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa yamezidi, punguza raundi au ongeza urefu wa kiti, ila usiache kabisa. Goti likivimba, likiwa la moto au likikwama bila kunyooka, hilo si la mchezo, nenda hospitali.

Naogopa. Mama amewahi kuanguka mara mbili. Gemu za kurukaruka si ndizo zitakazomwangusha?

Hofu yako ina msingi, na kweli gemu za kurukaruka si zake. Lakini kukaa tu kunadhoofisha miguu, na miguu dhaifu ni miongoni mwa mambo yanayowaangusha wazee.

Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusisha watu 769 wenye miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilicheza gemu nyumbani kwa kukanyaga mkeka wenye vihisi vinavyotambua hatua, mbele, nyuma na pembeni, kufuata picha za kwenye skrini. Ndani ya mwaka mmoja kundi hilo lilikuwa na maanguko pungufu kwa asilimia 26 kuliko kundi ambalo halikucheza. Kundi jingine lilicheza gemu za akili likiwa limeketi, na kwake maanguko hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Hapo naona wazi umuhimu wa mguu wenyewe kuhama, kukanyaga na kupokea uzito.

Sasa mpangilio wa chumba, na hapa nakusihi usipuuze. Kiti kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mbele ya mama kuwe na kitu kizito cha kushika, kama meza isiyosogea. Avae viatu vilivyofungwa, si soksi wala ndala. Nyaya ziondolewe njiani, na kapeti lililokunjika litolewe. Kwa aliyewahi kuanguka, miwani ya gemu inayofunika macho yote siiruhusu hata kidogo. Kama anatumia dawa za presha, kabla ya kila raundi akae ukingoni mwa kiti, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo ainuke. Asibane pumzi anapojikaza, atoe pumzi anapopanda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi ghafla, mchezo unakoma hapo hapo na anatafutiwa daktari. Na kwa kuwa ameanguka mara mbili, mpeleke achunguzwe kabla hamjaanza, yakiwemo macho na dawa anazotumia.

Mara ngapi kwa wiki, na nitajuaje kama inasaidia?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi ya kujenga nguvu pamoja na uwezo wa kusimama bila kuyumba angalau siku 3. Mimi husema siku 3, kukiwa na siku ya kupumzika katikati. Dakika 20 za mchezo wenye mzigo zinatosha kuanzia.

Kupima ni rahisi. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Mikono ikunjwe kifuani. Hesabu ameinuka kikamilifu mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni dalili kwamba miguu ni dhaifu, na kwa mwanamume wa umri huo ni chini ya 12. Asiyeweza hata mara moja bila kujishika, andika sifuri bila kumsikitikia, hapo ndipo pa kuanzia. Rudia baada ya wiki 6 kwa kiti kile kile.

Mume wangu, miaka 79, anasema huo ni utoto na hatacheza.

Usibishane naye, dada yangu. Mpe daftari na kalamu awe mwamuzi, aandike pointi na kuangalia kama kila mtu anaketi polepole inavyotakiwa. Mzee mmoja nilimpa kazi hiyo hiyo. Siku mbili aliandika tu, uso umekunjwa. Siku ya tatu aliona mkewe amejitupa kitini, akamfutia pointi, mkewe akalalamika, naye akaweka kalamu chini akasema, “Sogea nikuonyeshe.” Aliinuka na kuketi mara sita, ndipo akaomba dadu.